Hakuna Mwenye Mahitaji Maalumu

Mwanahalima alisimama kabla hajajua kuwa amesimama. Mkutano wa wazazi ulikuwa umefika ukurasa wa tatu wa taarifa, na wanaume waliokaa nyuma walikuwa wameanza kusinzia. Mbele, karibu na ubao, mgeni kutoka wilayani alikuwa anasoma. Aliitwa Specioza, mwanamke mfupi, mtu wa bara, msimamizi wa elimu maalumu. Alisoma taratibu, kama anayetaka kweli kueleweka. Alisoma habari za mtaala mpya. Alisoma habari za haki ya kila mtoto kusoma bila kubaguliwa, masomo ya ziada kwa wanaosuasua, na mtihani wa darasa la saba wa mwezi Septemba. Kisha akasoma takwimu kama zilivyojazwa na shule yenyewe.

"Wanafunzi wote, mia nne na kumi na wawili. Wasichana, mia mbili na tisa. Wenye mahitaji maalumu, hakuna."

"Samahani, mama," alisema Mwanahalima. "Hebu rudia hapo."

Specioza aliinua macho. "Wenye mahitaji maalumu, hakuna."

"Nani kakwambia?"

Waliokuwa wanasinzia wakaamka. Mwalimu mkuu, Mwalimu Modest, aliinua kiganja bila kuinuka kitini. "Mama Aziza, maswali yana wakati wake. Keti."

"Sina swali, nina mtoto. Yuko la saba hapa hapa, na haoni ubaoni tangu alipoanza la kwanza. Mwaka jana madaktari wa macho walikuja Kilindoni, nikampeleka. Wakampima, wakasema macho yake ndivyo yalivyoumbwa, miwani haitatosha. Wakaniandikia barua. Akae mbele, apewe karatasi yenye maandishi makubwa, aongezewe muda kwenye mtihani. Barua hiyo nimeileta shuleni kwa mkono wangu huu. Leo mnasema hakuna. Mwanangu ni nini, jini?"

Watu wakacheka. Mwalimu Modest naye alitabasamu, akaona sasa ni vizuri asimame. "Ndugu wazazi, tangazo la kuleta taarifa za watoto wa aina hiyo liliwekwa kwenye grupu la wasapu mwezi Januari. Mzazi asiyefuatilia grupu, shule imfanyeje? Tumfuate shambani?"

"Simu yangu kitochi. Na barua nilishaileta kabla ya hiyo Januari."

"Hayo ya kitochi si kosa la shule, mama." Kicheko kikarudi, na safari hii walikuwa wanamcheka yeye. "Wewe umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La tano."

"Basi takwimu tuachie sisi."

"Darasa la tano linatosha kujua kwamba mtoto mmoja si hakuna."

Hapo hakuna aliyecheka. Specioza alichukua kalamu. "Mtoto anaitwa nani?"

"Aziza Muhidini."

Aliandika jina hilo pembeni mwa karatasi yake, akamtazama mwalimu mkuu, lakini mwalimu mkuu alikuwa anatazama saa ya ukutani. Mkutano ukaendelea na habari za uji na madawati. Mwanahalima hakuketi tena. Alisimama mpaka dua ya kufungia, na wanawake waliokuwa nyuma yake wakawa wanachungulia ubavuni mwake wamwone anayezungumza, wala hakuna aliyethubutu kumwambia akae.

Maneno yalifika kitongojini kabla yake. Mumewe, Muhidini, alikuwa mkwezi, mtu wa kukwea minazi ya watu na kuangua nazi, na siku hiyo aliteremka mapema. Alimkuta mkewe uani anafua nazi, akizichoma juu ya kifuo na kuyachana makumbi kwa mikono miwili kama anayegombana nazo.

"Umemsimamia mwalimu mkuu mbele ya mgeni wa serikali?"

"Nimesimama. Yeye alikuwa amekaa."

"Mama Aziza, yule mtu ndiye anayenunua nazi zangu kwa ajili ya shule. Na mtoto bado yuko mikononi mwake. Ungengoja ukamfuata ofisini, mkaongea kwa adabu."

"Nimengoja miaka saba."

Aziza alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya mihogo. Alikuwa na miaka kumi na minne, na kisu mikononi mwake kilikwenda haraka bila yeye kukitazama, maana vidole vyake vilikuwa vimezoea kufanya kazi ya macho. "Baba," alisema, "kwani mama kasema uongo?"

Mwanahalima aliuacha mkono juu ya kumbi, akamgeukia mtoto. "Hebu niambie. Siku hizi darasani unakaa wapi?"

"Nyuma."

"Barua ilisema mbele."

"Nilipokuwa mbele nilikuwa nasogea mpaka ubaoni nisome, wenzangu wakasema nawaziba. Mwalimu Kheri akanihamishia nyuma. Akasema mimi nisikilize tu."

"Na kwenye ule mtihani wa majaribio, wa moko, ulisomaje maswali?"

Kisu kikasimama. "Moko sikufanya."

"Hukufanya vipi?"

"Mwalimu mkuu alinifuata darasani siku moja kabla. Akasema nipumzike nyumbani siku mbili, na nikiulizwa niseme shule imefungwa. Akasema nikifanya nitawaharibia wenzangu wastani."

Mwanahalima alizikumbuka siku hizo mbili. Alikuwa amefurahi kumpata mtoto wa kumsaidia kazi. Walikwenda pamoja shamba la mihogo huku Baleni, wakaimba njia nzima, naye akamwambia mtoto kwamba laiti shule ingekuwa inafungwa mara kwa mara. Aziza alicheka naye siku ile. Alicheka, hali anajua wenzake wako ndani wanafanya mtihani.

"Labda mwalimu ana sababu zake," alisema Muhidini kwa sauti ya chini.

"Anazo. Si ndiyo umetajiwa hapo, wastani."

Asubuhi ya pili waliitwa ofisini wote wawili. Muhidini alivaa shati lake la Idi. Mlangoni alimwamkia mwalimu mkuu shikamoo, ingawa alimzidi umri kwa miaka isiyopungua minane, na Mwalimu Modest akaitika marahaba bila kuacha kuandika. Kilikuwapo kiti kimoja cha mgeni. Muhidini alisimama. Mwanahalima alikitazama kile kiti, naye akasimama vilevile.

"Mimi sina ugomvi na familia yenu," alianza Mwalimu Modest. Sauti yake leo ilikuwa laini. "Nimekuja kisiwa hiki miaka sita iliyopita nikaikuta shule inavuta mkia. Mwaka jana tulishika nafasi ya tatu kiwilaya. Walimu wangu wanafundisha mpaka jioni, hakuna posho. Sasa mtoto mmoja akija na E za mstari mzima, anawaangusha watoto sitini. Hiyo nayo ni haki?"

"E amezipata wapi, na mtihani hujampa?" aliuliza Mwanahalima.

"Mama, nazungumza na mzee." Alimgeukia Muhidini, akatelezesha mezani karatasi moja iliyopigwa chapa. "Hapa tunasema tu kwamba mtoto ni mgonjwa, hataweza kufanya mtihani wa mwaka huu. Mwakani tutamtafutia shule maalumu huko bara, shule nzuri kuliko hii. Mimi mwenyewe nitaandika barua. Huko ndiko kwenye vifaa vyake. Hapa tunamtesa."

Muhidini aliisikia shule ya bara, na moyo wake ukalegea. Alijiona yuko gatini, anampandisha mtoto chomboni na sanduku lake la bati, watu wanamwuliza aendako. Akanyoosha mkono kwenye karatasi. Mwanahalima alimtazama.

Mwalimu Modest alifungua kisanduku cha wino wa muhuri, akakisogeza mbele yake kwa upole.

"Weka dole gumba hapo chini, mzee. Haina shida kabisa."

Muhidini alikitazama kile kisanduku, kisha akatazama dole gumba lake, jeusi kwa utomvu, limechanika kwa magome ya minazi. Alikuwa amemaliza darasa la saba katika shule hii hii, ilipokuwa bado imeezekwa makuti. Barua za posa za vijana wa kitongoji kizima zilikuwa zimeandikwa na mkono huu.

"Mimi naandika," alisema.

"Aa, vizuri sana. Basi weka sahihi."

Muhidini aliichukua kalamu kutoka mkononi mwa mwalimu mkuu. Akaigeuza karatasi upande wa pili, ule mtupu, akainama. Hakuwa na haraka. Mwandiko wake ulikuwa wa zamani, wa kulala kidogo, kila herufi imefungwa vizuri. Alipomaliza alisoma kwa sauti.

"Mtoto wangu Aziza hana ugonjwa wowote wa kumzuia. Haoni vizuri, na shule inajua. Mwalimu mkuu anataka tuseme anaumwa ili asifanye mtihani. Sisi wazazi wake hatukubali. Muhidini Abubakari." Akaongeza tarehe, akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati la Idi.

Mwalimu Modest alikuwa ameinuka. "Hiyo karatasi ni mali ya shule!"

"Upande wenu mmeuandika nyinyi. Huu wa nyuma ni wangu."

Walitoka bila kuaga. Njiani Muhidini alitembea mbele, haraka, na mkewe akawa anamfuata kwa kukimbia. Walipofika kwenye barabara ya Kilindoni alisimama akamwambia, "Nilimwamkia shikamoo. Umenisikia? Nilimwamkia shikamoo mtu yule." Akatema mate kando ya njia.

Specioza aliisoma karatasi pande zote mbili, kisha akaisoma tena. Ofisi yake ilikuwa na feni lisilozunguka na mafaili mpaka dirishani. Aliwaketisha wote wawili.

"Nitawaambia ukweli," alisema. "Majina ya wanaohitaji karatasi za maandishi makubwa yalishakwenda zamani. Shule ilijaza hakuna, na mimi nikapeleka hakuna. Nitaomba tena, lakini hizo karatasi siwahakikishii. Dakika za nyongeza na lenzi ya kukuzia maandishi, hizo nitazipigania. Nahitaji barua ya daktari."

"Barua alipewa Mwalimu Kheri," alisema Mwanahalima.

"Basi ifuateni leo."

Mwalimu Kheri alikuwa mtoto wa kitongoji kile kile. Mwanahalima alipokuwa msichana alimbeba mgongoni, alimkanda kifua kwa mafuta ya nazi alipobanwa na kikohozi. Alimkuta barazani kwake anasahihisha madaftari. Kijana alisimama mara moja.

"Shikamoo dada."

"Barua ya mwanangu iko wapi?"

Hakuuliza barua gani. Aliingia ndani, akakaa huko kitambo, akatoka nayo. Ilikuwa safi, imekunjwa vilevile kama alivyoikabidhi. "Nilimpelekea mkuu, dada, Wallahi. Akanirudishia. Akasema tukimwandika mtoto mmoja tutadaiwa mwalimu wa elimu maalumu, na taarifa kila mwezi, na wakaguzi wasiokwisha. Akasema niiweke mahali."

"Ukaiweka."

"Nikaiweka."

"Na mwanangu ukamweka nyuma."

Kheri alitazama miguu yake. "Sina hata mwaka kazini, dada. Mtu wa mkataba. Angeniondoa kwa siku moja. Naomba huko wilayani usinitaje."

"Nitakutaja." Sauti ya Mwanahalima ilipanda mpaka mke wa Kheri akatokea mlangoni. "Mkuu ni mgeni hapa, hamjui Aziza, kwake ni namba. Wewe umekula kwangu! Wewe unamjua mtoto yule anavyopapasa akitafuta kikombe. Nitakutaja jina lako na la baba yako."

Alimtaja. Kheri aliitwa akaandika maelezo, na sifa yake moja ni kwamba alipofika mbele ya kalamu hakudanganya. Mwalimu Modest alitakiwa ajieleze kwa maandishi, akajieleza kurasa tano. Muhidini hakununuliwa nazi tena na shule. Grupu la wasapu likaandika kwamba wapo wazazi wanaopenda kuichafua shule, halikutaja jina, na watu wakasogeza simu zao karibu na uso wa Mwanahalima dukani wamwonyeshe, kana kwamba wanamfadhili.

Septemba ilifika na karatasi za maandishi makubwa hazikufika. Kilichofika ni barua ya dakika za nyongeza, na lenzi moja yenye mpini ambayo Specioza aliileta mwenyewe kwa bodaboda asubuhi ya kwanza, akaikabidhi kwa msimamizi wa mtihani. Msimamizi alikuwa mwalimu wa shule nyingine, mtu wa maneno machache. Alimweka Aziza dirishani kwenye mwanga.

Wazazi hawakuruhusiwa kusogea. Mwanahalima alikaa ng'ambo ya barabara, juu ya msingi wa nyumba ambayo haijajengwa, siku zote mbili. Aliona kengele ikigongwa, watoto wakitoka wakipiga kelele, wakiulizana majibu. Aziza hakutoka. Alimwona kwa dirisha, kichwa kimelala juu ya meza kama mtu aliyesinzia, pua inagusa karatasi, mkono mmoja unasukuma lenzi kidogo kidogo. Mwalimu Modest alipita mara mbili barazani, mikono nyuma. Mara ya pili alisimama dirishani pale, akamzibia mtoto mwanga. Msimamizi akatoka akamwambia neno, mwalimu mkuu akaondoka.

Baada ya Hisabati, Aziza alitoka macho mekundu yanatiririka maji. Alivuka barabara kwa kumsikiliza mama yake anavyomwita.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Lakini maumbo sikuyaona, mama. Zile namba walizoandika kwenye pembe za pembetatu ni kama sisimizi. Nikiiweka lenzi, naona namba, sioni pembetatu. Maswali manne nimesiliba viduara popote tu."

"Ulikuwa huyajui?"

Mtoto alikasirika. Mwanahalima alikuwa hajawahi kumwona akikasirika namna ile. "Nilikuwa nayajua! Mtu angenisomea kwa mdomo, ningeyafanya kichwani yote. Nayajua, mama! Sikuyaona!"

Alipiga teke jiwe la ule msingi, akaumia, akalipiga tena. Mwanahalima hakumzuia. Alimwacha alipige mpaka alipochoka.

Matokeo yalipotoka, Aziza alikuwa amepata C, akapangiwa sekondari ya kata. Hisabati ilimvuta chini; Kiswahili alipata A. Majirani walikuja kusema alhamdulillahi. Mwanahalima alisema nao, maana kwa Mungu alishukuru. Kwa watu hakuwa na shukrani ya kutoa. Shule ilishika nafasi ya pili kiwilaya.

Wiki ya pili ya likizo pikipiki ilisimama nje ya ua. Mwalimu Modest aliingia na kusema hodi kwa furaha, simu mkononi. Mwanahalima alikuwa kwenye kifuo. Muhidini alikuwa anasuka kamba yake ya kukwelea, na safari hii alisema "Karibu" tu.

"Hongereni. Nilijua mtoto wetu hatatuangusha," alisema Mwalimu Modest. "Sasa, nina ombi dogo. Wilayani wanataka kila shule itoe mfano wa ujumuishi kwa taarifa ya mwisho wa mwaka. Nimeona nimwandike Aziza. Napiga picha moja tu, akiwa na sare, ameshika lenzi. Itawatia moyo wazazi wengine."

Mwanahalima alichomoa nazi kwenye kifuo. "Utaandika nini chini ya picha?"

"Kwamba shule ilimpa msaada."

"Andika alivyowekwa nyuma. Andika ulivyotaka tuseme mgonjwa. Andika maswali manne. Ukishaandika hayo, nisomee, halafu mimi mwenyewe nitamvalisha sare."

"Mama Aziza, mambo ya nyuma tusiyarudie. Tunatazama mbele."

"Mwalimu," alisema Muhidini, bila kuinua macho kwenye kamba. "Umesikia masharti."

Mwalimu Modest alisubiri kidogo, kama anayetegemea mmoja wao acheke. Kisha akaitia simu mfukoni, akatoka. Pikipiki ilikataa kuwaka mara mbili, ikawaka, ikaondoka.

Upande wa pili wa ua wa makuti kulikuwa na mtu amesimama. Ni Mwanasiti, jirani yao, mjane, aliyekuwa miongoni mwa waliocheka mkutanoni mwezi wa Julai. Alizunguka akaingia, mikono ameikunja ndani ya khanga.

"Nimesikia yote," alisema.

"Vizuri."

"Mwanahalima." Alitazama nyuma, akashusha sauti. "Amina wangu hasikii. La kushoto limekufa kabisa, la kulia anasikia ukimpigia kelele. Nilikuwa naficha, nikiona haya watu watasema nini. Wanamwita mjinga darasani. Wanamchapa kwa kutojibu."

"Yuko la ngapi?"

"La nne."

"Ulimwambia mwalimu yeyote?"

"Nilimwambia mkuu. Akasema atalishughulikia."

"Lini?"

"Mwaka juzi."

Mwanahalima aliweka nazi chini. Alinawa mikono kwenye ndoo, akajifuta, akavuta khanga yake kwenye kamba. Jua lilikuwa bado halijapanda sana.

"Hospitali Kilindoni wanapima mpaka saa nane," alisema. "Barua tutaandikisha mbili, moja ya shule, moja ibaki kwako. Mwite mtoto. Na wewe vaa viatu."